YAH: MAMA YANGU KUSIMAMISHWA KWENYE BARIDI GATINI BODØ

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Abiria,

Salamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya aliyedhalilishwa. Nakala ya Kinorwei nimeiambatisha.

Sina ugomvi na bahari. Katika safari yetu na meli yenu pwani ya Norwei, ghuba ya Vestfjorden ilichafuka, mama akatapika mpaka tukafika bandari ya Stamsund, wala hakunung'unika. Ni mzaliwa wa Tanga, bahari anaijua. Ugomvi wangu ni wa mchana wa siku hiyo hiyo, kabla ya ghuba hiyo, meli ilipotia nanga mji wa Bodø.

Tulishuka kutembea mjini, tukarudi mapema. Kadi yangu ya kupandia meli ilisomeka pale ngazini, ya mama ikagoma. Kijana wenu akamwamuru asogee pembeni, wengine wapite. Wakapita. Mama ana miaka 71. Alisimama kwenye gati lenye barafu, upepo unamchapa, kadi mkononi kama mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nikashuka nikasimama naye. Nilipouliza, nikajibiwa: "Wasio na vyumba wasubiri." Nani alisema hana chumba?

Na chumba chenyewe! Tulilipia chenye dirisha. Bergen, mwanzo wa safari, mkatupa cha ndani, mkaahidi kurudisha tofauti ya nauli. Siku 12, kutoka Bergen hadi Kirkenes na kurudi, mama ameishi bila dirisha, na hadi leo sijaona hata senti.

Narudia habari ya Bodø, maana naona itasomwa haraka haraka. Dakika 25, kwa saa yangu. Katikati ya dakika hizo alikuja bwana mmoja wa Kizungu, kadi yake nayo ikagoma. Akaulizwa namba ya chumba, akaitaja, akapanda. Mama hakuulizwa namba. Hakuulizwa chochote. Akanivuta mkono akasema, "Mwanangu, turudi nyumbani." Asubuhi ile ile, baada ya kuvuka Duara la Aktiki, mstari wa kaskazini ya mbali kwenye ramani, wahudumu wenu walimtia barafu mgongoni kwa desturi yenu, wakapiga naye picha, akacheka nao. Saa chache baadaye hakuna anayemjua?

Nilipokaa kuandika nilitaka radhi na tofauti ya nauli tu. Nimeandika mpaka hapa, hayo hayatoshi tena. Nataka nauli yote ya mama irudishwe, na maelezo ya maandishi kwa nini mmoja aliulizwa namba na mwingine akawekwa pembeni. Kanuni ya Ulaya ya haki za abiria wa majini, namba 1177 ya mwaka 2010, mnaijua kuliko mimi: inakataza ubaguzi, na inawapa mwezi 1 kunieleza malalamiko yamefikia wapi, miezi 2 kutoa jibu la mwisho. Ikipita, nakwenda kwenye bodi ya malalamiko ya usafiri, kisha kwa mwanasheria, na picha ile ya barafu mgongoni nitaipeleka magazetini pamoja na habari ya gatini.

Yule kijana mnaye kwenye orodha ya zamu. Radhi mwandikieni mama mwenyewe, kwa jina lake, si mimi.

Bintiye