Mwanangu, punguza mwendo kwanza

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na picha nimeiona. Nimefurahi mno kusikia umeanza kuendesha baiskeli kwa mazoezi. Unasema kila ukitoka kwenda barabara ya Kigamboni unajikaza mpaka mwisho, lakini wastani hauvuki kilomita 22 kwa saa na wenzako wanakuacha. Huku Shinyanga baiskeli ni usafiri na ni riziki, nimekaa juu yake tangu ujana, na nisingependa hata kidogo uiache.

Punguza mwendo. Ukiendesha siku nne kwa wiki, tatu ziwe nyepesi, za mwendo ambao unaweza kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukatika pumzi. Mwendo huo ndio unaoufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na ndio unaoongeza vijishipa vya damu ndani ya misuli ya mapaja. Kazi hiyo huchukua miezi. Wale tuliowatazama Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika, sehemu kubwa ya saa zao za mazoezi huenda hivyohivyo, taratibu kwa kipimo chao. Wewe kila siku unakwenda katikati: si wepesi wa kukujenga, si uzito wa kukupandisha. Unarudi na uchovu tu.

Siku ya nne ndiyo iwe ngumu kweli. Pasha mwili moto dakika 20, kisha dakika nne za nguvu ambazo huwezi kutamka zaidi ya maneno mawili matatu, halafu dakika nne za kupiga pedali polepole. Rudia mara nne, urudi nyumbani. Kesho yake pumzika, na usiku ulale vya kutosha, maana misuli hujijenga wakati huo.

Halafu hiyo namba ya wastani inakuonea. Miezi ya kusi, ukitoka Kigamboni kuelekea Kimbiji upepo unakupiga usoni, na ukigeuza unakusukuma. Muda uliopotea wakati wa kwenda haurudi wote wakati wa kurudi, kwa hiyo usiilinganishe siku hiyo na siku ya shwari. Hewa yenyewe ina hesabu kali: kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 30, hata pasipo upepo, nguvu ya kuikata inapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Na kinachoizuia hewa zaidi ni mwili wako kuliko baiskeli. Kunja viwiko, shusha mabega, vaa shati lisilopepea. Mkiwa kundi, kaa nyuma ya mwenzako, ila macho yatazame mbele yake, yasigande kwenye gurudumu lake, na vidole viwe karibu na breki. Si aibu, hao wanaokuacha nao wanapokezana hivyo.

Picha yako nimeikuza nikaitazama vizuri. Siti iko chini mno! Pedali imefika chini kabisa na goti lako bado limekunjika kama umekalia kigoda. Egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini: mguu unatakiwa unyooke. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Pandisha nusu sentimita kwa mara moja, na ukiona nyonga zinayumba, umepitiliza. Gia nayo naona ni nzito. Hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 15. Ukipata mizunguko 20 au 22, uko pazuri. Chini ya hapo unayachosha magoti bure.

Safari ikizidi saa moja na nusu, usingoje njaa. Ndizi au tende kila nusu saa, na maji yenye chumvi kidogo, kwa joto hilo la Dar. Usitoke gizani kwa ajili ya kuwahi malori. Ngoja pakuche, na taa ya nyuma iwake hata mchana.

Baada ya miezi miwili, chagua asubuhi isiyo na upepo, pita njia ileile kwa mwendo wako mwepesi, uniandikie umetumia muda gani na pumzi ilikuwaje.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako