Mpwa wangu, kabla hujaingia Galleria ya Milano

Mpwa wangu,

Hujambo? Nasikia safari ya Italia imeiva na kwamba Galleria Vittorio Emanuele II, lile jengo la maduka lenye njia mbili zinazokatana chini ya paa la kioo, limo kwenye ratiba. Kwa kuwa wewe ni mtu wa kenchi na mabati, usiingilie upande wa kanisa kuu, wanakoingilia watu wote. Lile lango la tao lilikamilika 1877, miaka kumi baada ya jengo kufunguliwa, na ukilitanguliza utadhani kila kitu humo ni jiwe zito. Anzia uwanja wa Scala, penye jumba la opera, kaskazini.

Njia ndefu inayoanzia hapo ina karibu mita 196, na inayoikata ina mita 105 hivi. Giuseppe Mengoni, msanifu wake, alichukua mitaa miwili, akaipanga majengo yanayofanana kila upande, kisha akaiezeka kwa kioo. Miisho haina milango, kwa hiyo hewa hupita. Ingefungwa, jua la Julai lingewafukuza wanunuzi.

Sasa inua macho. Kenchi za chuma zimepindwa nusu duara na kukalishwa juu ya kuta. Pale njia zinapokutana kuna ukumbi wa pembe nane na kuba lenye kimo cha mita 47. Inatajwa kwamba paa lilikula takriban tani 353 za chuma. Usitafute alama za kuchomelea: enzi zile vyuma viliungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zilizopigwa vichwa pande zote mbili.

Ugumu wa paa la namna hii uko kwenye kioo. Chuma cha mita 10 kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 3.6, kioo cha urefu huohuo karibu 2.7. Fundi akikibana kioo hadi ukingoni, kitapasuka tu. Lazima aache nafasi na kuijaza kitu kinachonyumbulika. Puti ya zamani, ule udongo laini wa kuzibia kioo, hukauka, ikachanika. Maji yanaingia, chuma kinashika kutu, na kutu huvimba ikakisukuma kioo. Ukiona ufa unaoanzia ukingoni, shuku kutu kwanza, mvua ya mawe baadaye. Kisha kuna unyevu wa ndani wakati wa baridi: matone huteremka chini ya kioo, na bila kimfereji kwenye papi, vile vipande virefu vinavyobeba kioo, yatawadondokea wapita njia.

Mapambo ya kuta mengi ni lipu iliyofinyangwa, ingawa macho yanasema jiwe. Juu ya ukumbi wa pembe nane kuna picha nne: Ulaya, Asia, Afrika na Amerika. Mwanzoni zilichorwa kwa rangi juu ya lipu, zikachakaa, zikabadilishwa kuwa mozaiki. Hiyo Afrika ni ya kuwazwa na mtu wa Ulaya, itazame ukijua hivyo.

Sakafuni kuna nembo za miji: Milano, Torino, Roma na Firenze. Utakuta msururu kwa fahali wa Torino, kila mmoja akikanyaga sehemu za siri za fahali huyo kwa kisigino na kujizungusha apate bahati. Kisigino kinachozunguka hung'oa vijiwe vya mozaiki, pakatoboka, na mafundi wakarudi kuziba. Mimi nisingezunguka.

Mabomu ya Agosti 1943 yaliangusha vioo vyote na kuharibu sehemu ya vyuma, hivyo kioo unachokiona si cha 1867. Kuta zilisafishwa kabla ya maonyesho ya dunia ya 2015 kwa jukwaa lililotembea hatua kwa hatua, maduka yakiendelea kuuza. Mengoni mwenyewe alianguka kutoka juu ya kazi yake akafa tarehe 30 Desemba 1877.

Ukifika ukumbini, nipigie picha ya pale kenchi ya njia inapogusa ukingo wa kuba. Hapo ndipo mapaa mawili ya maumbo tofauti yanapoachiana maji, na nataka kuona mfereji wamepitisha wapi.

Mjomba wako