Barua kwa Mama Zai: dakika 141 zimekwenda wapi?

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Mama Zai shoga yangu,

Salaam nyingi. Watoto hawajambo? Mama mkubwa na mguu wake? Sisi huku wazima, mvua imetuachia tope tu.

Sauti zako tatu za WhatsApp nimezisikiliza zote, na ile picha ya karatasi ya mtunza muda nimeikuza mpaka nikasoma hata yaliyokatwa kalamu. Nikaona kukujibu vipande vipande hakutafaa. Tarehe 1 Julai unashika urais wa klabu yenu ya Toastmasters hapo Tanga, ile ya kujifunza kuhutubia, siku zenyewe ndizo hizi. Hongera sana. Hata Baba Jeni kafurahi, na unajua kumfurahisha yule ni kazi.

Umeniuliza: mikutano inachosha, wageni wanaondoka kabla ya tathmini, pale msemaji anapoambiwa na mwenzake hotuba yake ilikuwaje, je, upunguze hotuba kutoka tatu ziwe mbili? Nakuomba usiguse hotuba. Kaa na kalamu tuhesabu pamoja.

Alhamisi mlipanga kuanza saa 11:00 jioni, mkatoka saa 2:10 usiku. Hizo ni dakika 190. Hotuba tatu, kwa karatasi yako mwenyewe, zilichukua 6:48, 7:21 na 7:05. Jumla dakika 21 na sekunde 14. Tathmini tatu zilikuwa 4:40, 5:10 na 3:55, yaani dakika 13 na sekunde 45. Wazungumzaji wanane wa mada za papo kwa papo, wale wanaopewa swali pale pale na kujibu bila kujiandaa, wote pamoja, kama dakika 14. Ukijumlisha kila kilicholeta watu pale, unapata dakika 49. Zilizobaki ni 141! Ukifuta hotuba moja unaokoa dakika 7, lakini hizo 141 zinabaki pale pale, na mwanachama aliyejiandaa wiki mbili anarudi nyumbani na karatasi yake mfukoni.

Kwa hiyo swali ni hizo 141 zimekwenda wapi. Mlianza 11:25, hapo 25. Kila mtu alijitambulisha: watu 24, kila mmoja kama sekunde 50, hizo ni dakika 20. Mjadala wa fulana, 35. Swala ya Magharibi na kusubiriana kurudi, 15. Zimebaki 46. Nikachukua ratiba yako nikahesabu ni mara ngapi mtu anainuka kitini kwenda mbele. Mara 31. Gawanya mwenyewe: ni kama sekunde 90 kwa kila kuinuka. Hapo ndipo mkutano wenu unapovuja, Mama Zai, na kwa kuwa inavuja tone tone hakuna anayeona.

Itazame hiyo dakika moja na nusu kwa karibu. Mwongozaji anamaliza kusema jina, ndipo mzungumzaji aliyekaa safu ya nyuma anaanza kutafuta miwani. Anapita katikati ya viti akiomba radhi. Makofi yanaisha akiwa bado njiani, ukumbi unakaa kimya. Anafika, wanashikana mikono, anarekebisha maikrofoni, kisha anaanza: mheshimiwa rais, makamu, katibu, mweka hazina, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, nashukuru sana kwa nafasi hii adhimu. Na huyu ni mtu aliyekuja kutoa taarifa ya nusu dakika, ni mara ngapi wasemaji wamejikwaa kwa "aa" na "yaani".

Dawa yake ni ndogo ndogo. Itifaki isemwe mara moja tu, na rais, wakati wa kufungua. Baada ya hapo kila anayepanda aseme "Mwongozaji, wanachama wenzangu, wageni wetu", basi, aingie kwenye maneno yake. Sekunde 3. Wote wenye jukumu la mbele wakae safu ya kwanza, viti vya pembeni mwa njia. Anayefuata ainuke makofi ya aliyetangulia yanapoanza, si yanapokwisha. Ule utaratibu wa kutoiacha mimbari tupu na kupeana mkono uwekeni, ni mzuri, unamfunza mtu kupokea jukwaa na kulikabidhi, lakini mkono upeanwe pale pale mimbarini. Na watoa taarifa fupi, mtunza muda, mhesabu wa "aa" na mkaguzi wa lugha, wasimame pale walipokaa. Hapo tu umeshaondoa safari sita.

Utambulisho wa mzungumzaji nao uandikwe na mzungumzaji mwenyewe, umfikie mwongozaji siku mbili kabla. Sentensi tatu: lengo la hotuba katika mafunzo yake, muda wake, kwa nini mada hii. Jina la hotuba na jina la mtu vije mwisho, ndipo watu wajue pa kupigia makofi. Ukimwachia mwongozaji ajitungie papo hapo, atasimulia undugu na shule walizosoma.

Mtunza muda wenu nimemwona kwenye picha ile nyingine. Kakaa mbele kulia, ubavuni mwa mimbari. Mzungumzaji atamwonaje? Mhamishie nyuma kabisa katikati, mkabala na mimbari. Kadi za rangi anazomwonyesha msemaji muda wake ziwe za manila, ukubwa wa A4, si vile vipande vya viganja. Kwa hotuba ya kawaida ya dakika 5 hadi 7: kijani dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7. Hotuba ya kwanza ya kujitambulisha ni 4 hadi 6, kwa hiyo 4, 5, 6. Papo kwa papo: dakika 1, 1:30, 2. Tathmini: 2, 2:30, 3. Kadi ikiinuliwa ikae juu mpaka rangi inayofuata; wengi huiinua sekunde mbili wakaishusha, msemaji wakati huo anatazama upande wa pili. Simu inayopima iwekwe hali ya ndege, maana simu ikipigwa katikati anayepima hubabaika na kupoteza hesabu. Zikipita sekunde 30 baada ya nyekundu, ukumbi upige makofi kwa heshima, naye afunge.

Hizo sekunde 30 si za kutania. Mashindano ya hotuba ya Toastmasters yanafuata hesabu hiyo: hotuba ya dakika 5 hadi 7 ikiwa chini ya 4:30 au zaidi ya 7:30, mshindani ameondolewa, hata awe amewaliza majaji. Yule wenu wa 7:21 alibakiwa na sekunde 9. Mwambie mapema, kwa upole.

Halafu wapimwe wote, si wasemaji wa hotuba peke yao. Matangazo yapimwe. Rais apimwe. Karatasi ya Alhamisi haina hata mstari mmoja kuhusu zile dakika 35 za fulana! Klabu ikizoea kupima hotuba na kuacha mengine huru, hayo mengine ndiyo yatanenepa.

Tathmini zenu zinazidi kwa sababu mtathmini anasimulia hotuba upya. Kila mtu ameisikia. Aseme mambo mawili yaliyofanya kazi, na ataje mahali hasa, kwa mfano pale aliponyamaza baada ya swali, kisha jambo moja la kurekebisha, na aonyeshe kwa mwili wake lingefanywaje. Dakika 3 zinatosha na zinabaki. Baada ya kila hotuba toeni dakika moja ya kimya ya kuandika, hiyo usiibane kabisa, ndiyo inayomwezesha mtathmini kupanda akiwa tayari. Na mtathmini mkuu asirudie hotuba. Kazi yake ni kuwatathmini watathmini na uendeshaji wa mkutano. Akianza "nami niongeze kidogo kuhusu hotuba ya kwanza", hapo umepoteza dakika 10.

Kuhusu Magharibi: mnaihangaikia kila wiki na jibu liko kwenye saa. Jua la Tanga linazama baada ya saa 12 jioni mwaka mzima. Watumishi wa serikali wanatoka saa 9:30 alasiri. Anzeni 10:30, malizeni 12:00 kamili, wa kuswali waende wametulia na wa daladala wazipate. Najua utaniambia wa benki wanatoka saa 11. Basi geuza mpangilio: papo kwa papo kwanza, hotuba baadaye. Wanaochelewa wakute hotuba ndiyo zinaanza, na mpanga ukumbi awazuie mlangoni mpaka aliye mbele amalize.

Nimekupangia hivi. Rais anafungua, dakika 3. Mwongozaji na majukumu, 4; kila mwenye jukumu asome kadi iliyoandikwa tayari, nusu dakika, asijitungie. Papo kwa papo watu watano, dakika 2 kila mmoja na 1 ya swali na kupanda, 15. Hotuba tatu za dakika 7, kila moja na 1 ya utambulisho na 1 ya kuandika, 27. Tathmini tatu pamoja na kupokezana, 11. Taarifa fupi, 4. Mtathmini mkuu, 4. Maoni ya wageni na tuzo, 5. Matangazo na kufunga, 4. Jumla 77. Zile 13 zilizobaki usizigawe kwa mtu yeyote! Usiziandike hata kwenye ratiba. Ni za umeme kukatika, za maikrofoni, za mgeni mwenye swali. Zisipotumika mkafunga 11:47, hakuna atakayelalamika.

Kujitambulisha kwa watu 24 acha kabisa. Wageni ndio waulizwe, tena mwisho, nusu dakika kila mmoja, wameonaje. Mwanzoni mgeni hana la kusema zaidi ya jina na mtaa anaokaa.

Fulana zipelekeni kwenye kikao cha viongozi. Mje mkutanoni na rangi mbili na bei, watu wainue mikono, yaishe. Mama Salama atanuna wiki moja, umzoee.

Majukumu yathibitishwe Jumanne usiku, kwa jina, siyo "nani atanisaidia Alhamisi?" kwenye kundi zima, maana hapo kila mtu anamsubiri mwenzake. Jukumu likikosa mtu, mhesabu wa "aa" na mkaguzi wa lugha wanaweza kuwa mtu mmoja. Mtunza muda asiunganishwe na chochote, akiandika makosa ya lugha kadi itachelewa. Mzungumzaji akiugua, usiburute papo kwa papo kuziba pengo; funga mapema.

Na kuanza: saa ikifika gonga meza, hata mkiwa sita. Nalirudia hili kwa sababu najua huruma yako. Ukiwasubiri waliochelewa, wiki ijayo hata wale sita watachelewa, wameshajifunza kwamba 10:30 maana yake 11.

Nimeacha la Mzee wa Bandarini mwisho kwa sababu ndilo gumu. Anapita nyekundu kila mara, na hakuna wa kumpigia makofi mtu aliyewasomesha nusu ya ukumbi. Usimkate mbele za watu. Nenda kwake, siku ya kawaida, umwombe awe mtunza muda kwa mwezi mzima. Mweleze kwamba klabu inahitaji mtu ambaye kadi yake haipuuzwi, na hilo ni kweli tupu. Akishainua nyekundu kwa wengine wiki nne, akirudi jukwaani ataitafuta mwenyewe kwa macho. Ila yeye akiinuliwa kadi, iinuliwe sawasawa na ya mtu mwingine yeyote.

Ralph C. Smedley alipoanzisha mikutano hii Santa Ana, California, tarehe 22 Oktoba 1924, shabaha ilikuwa watu wapate kusema mbele ya wenzao kisha waambiwe wamesemaje. Hayo mawili ndiyo zile dakika zako 49. Yalinde hayo, mengine yote... nimeshasema.

Sasa nijibu wewe. Makamu wa rais wa elimu, ndani ya klabu, ni nani, yule dada wa maktaba? Anashika kalamu au ni wa kichwani tu? Mlinzi anafunga ukumbi saa ngapi, na atakubali kufungua 10:00 mpange viti? Mimbari mnaweza kuisogeza mbali na dirisha, au imepigiliwa? Mzee wa Bandarini karudi kutoka Lushoto? Na wageni walioondoka Alhamisi, kuna aliyechukua namba zao? Wapigie, hata wawili.

Nitumie ratiba ya wiki ijayo kabla ya Jumanne usiku, hata ya mwandiko wa mkono. Nitahesabu mara za kuinuka, zisizidi 20.

Wako,
Mama Salim