Biskuti za Pasaka tuwaachie watoto wazipambe wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wazazi wenzangu wa Moshi juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, biskuti za Pasaka. Nimeoka mikate na keki mjini hapa tangu enzi za tanuri za kuni. Sasa nimestaafu, lakini ikifika likizo ya Pasaka, penye unga na watoto lazima nitaitwa.

Mwaka huu niliitwa kuwa jaji. Watoto wa shule ya Jumapili wa usharika mmoja hapa mjini, nisioutaja, waliambiwa kila mmoja apambe biskuti nyumbani kwao ailete kanisani Jumatatu ya Pasaka. Zikapangwa ukumbini kwenye meza ndefu, kila moja na sahani yake na jina la mtoto. Majaji tulikuwa watatu. Kwa kupita mara moja tu nilishajua kwamba sehemu kubwa ya meza ile haikuguswa na mkono wa mtoto.

Nilijuaje? Kazi ina alama zake. Mafundi wa kupamba huchora kwanza ukingo kwa aisingi nzito, yaani uji wa sukari wa kupambia, wakauacha ukauke, ndipo wakamimina ndani aisingi nyepesi ijitandaze yenyewe. Sasa niambieni ni mtoto gani wa miaka sita anayekaa kungoja ukingo ukauke. Mstari wa mtoto huanza na kidonge, pale alipobinya kabla hajasogeza mkono, na huishia na mkia, pale alipoinua mkono huku bado anabinya. Halafu mtu aniletee sungura mwenye masharubu yaliyolingana kushoto na kulia, na kanukta keupe ndani ya jicho ili jicho lionekane linang'aa, aniambie kafanya mtoto wa chekechea! Sungura huyo ana mama yake, na mama yake ana simu iliyojaa video za kupamba keki. (Sungura wa Pasaka mwenyewe ni mgeni, asili yake Ujerumani. Huyu wetu wa hadithi hana muda wa kuwagawia watu mayai, labda ayaibe.)

Mwisho wa meza kulikuwa na biskuti moja ya mviringo, kahawia, haina hata tone la aisingi. Wenzangu walikwisha kuiandikia sifuri: haijapambwa. Nikamwita mwenyewe, binti wa miaka kama saba, nikamuuliza, "Mjukuu wangu, aisingi iliwaishia?"

"Hapana, babu. Hili ni lile jiwe la kaburini."

Akaigeuza. Upande wa pili alikuwa ameikwaruza kwa uma kabla haijaokwa, mistari mistari hadi ukingoni. Akanieleza, "Hapa ndipo lilipochubuka likivingirishwa." Injili ya Marko inasema jiwe lile lilikuwa kubwa mno, na bila shaka jiwe kubwa likivingirishwa litachubuka. Mimi na Biblia yangu ya miaka yote sikuwahi kuliwazia hilo.

Nikaomba tumpe alama. Wenzangu wakasema masharti ni kupamba, na hapa hakuna pambo. Nikashindwa kwa kura mbili kwa moja. Boksi la kalamu za rangi likaenda kwa sungura.

Mhariri, siwasemi akina mama peke yao, maana na akina baba wapo, hasa wale wa "hebu lete nikuoneshe". Mtoto anapewa koni ya aisingi, anabinya, inatoka kubwa kuliko alivyotaka, anacheka. Kabla hajamaliza kucheka koni imeshanyakuliwa, biskuti imefutwa, na mzazi ndiye anayechora mpaka mwisho. Mtoto anabaki kuitwa ashike sahani apigwe picha. Likizo yenyewe ni fupi, asubuhi anakwenda tuisheni, na hiyo saa moja ya mchana aliyobakiwa nayo tunamnyang'anya.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wenye oveni. Si kweli. Nyumbani kwangu Majengo mimi na wajukuu tunaoka kwa mkaa. Kwa siagi gramu 250, tia sukari gramu 125 na unga wa ngano gramu 375, chumvi kidogo na ganda la limau lililokwaruzwa. Usitie baking powder, kwa sababu biskuti itaumuka na umbo lililokatwa litapotea. Watoto wakande wenyewe, wasukume kwa chupa, wakate kwa mdomo wa glasi au kwa kisu butu. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, juu yake sahani ya bati, funika, kisha palia mkaa juu ya mfuniko kama unavyopalia wali. Moto wa juu uzidi wa chini, la sivyo matako ya biskuti yataungua huku uso ukiwa bado mbichi. Kuanzia dakika ya kumi chungulia.

Aisingi ni sukari laini ya kupambia keki, kikombe kimoja, na maji ya limau kijiko kikubwa kimoja au kimoja na nusu. Ute wa yai mbichi ambao sisi mafundi tunautumia, kwa watoto nauacha, maana yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa kuharisha, na hao watoto wanalamba vidole muda wote. Rangi zipo jikoni: rozela iliyochemshwa hadi ikawa nzito hutoa wekundu mzuri, binzari chembe tu hutoa njano, na maji ya mchicha uliotwangwa hutoa kijani. Za dukani ziwe rangi za chakula zenye nembo ya TBS, Shirika la Viwango. Zile rangi za unga za kutilia ukili na vikapu si za kula, nasema hivi kwa sababu nimekwisha kuziona kwenye biskuti. Koni ikunje kwa karatasi ya kuokea, ukate ncha kwa mkasi. Biskuti ipoe kabisa kwanza, kisha ukishapamba iache usiku kucha chini ya kawa, kwani wakati huu wa masika aisingi haikauki upesi na sisimizi hawalali.

Baada ya hapo mtu mzima akae. Akitaka aoshe vyombo. Mjukuu wangu mmoja alipewa biskuti ya umbo la yai akaifanya Hiace ya kwenda hospitali ya KCMC, na konda akining'inia mlangoni. Nikamuuliza yai liko wapi, akasema abiria wamelipakata. Hata mayai yenyewe yaliingia kwenye Pasaka kwa njia hiyohiyo isiyopangwa: Wakristo wa Ulaya ya zamani walifunga kula mayai wakati wa Kwaresima, kuku wao hawakuwa na habari, wakaendelea kutaga, na Pasaka ikawakuta watu wana mayai tele ya kula na kupaka rangi.

Nimeshazungumza na mwalimu wa watoto wa usharika ule. Mwakani biskuti zipambwe palepale ukumbini, siku ileile, bila mtu mzima mezani. Za kupamba nitazioka mimi, aisingi nitaichanganya mimi, na umri wa mtoto uandikwe kando ya jina ili mdogo asishindanishwe na wa darasa la saba. Amesema atalipeleka kwenye kamati. Wanakamati wengine ndio wazazi wa wale sungura, kwa hiyo nawaomba kupitia gazeti lako wasilikalie. Wazazi tutawawekea viti na chai nje, ila waje na sukari yao, yangu itakuwa imeishia kwenye biskuti.

Mwoka mikate mstaafu,
Majengo, Moshi