Tamthilia Imekwisha, Jirani Yupo

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, nami nakuombea uzima wewe na wote walio nyumbani kwako. Barua yako niliipata, na lile swali lako halijaniondoka kichwani: inakuwaje mtu mzima analia kwa ajili ya watu ambao hawapo? Najua uliuliza kwa upendo. Basi nami nikujibu kwa kirefu, maana ile tamthilia tuliyoianza pamoja kabla hujahama imefika mwisho wiki iliyopita, na kweli nimelia.

Hawapo, sawa. Lakini sauti zao nimezisikia jioni hadi jioni, miaka nenda miaka rudi, kuliko sauti za baadhi ya ndugu zangu wa damu. Yule daktari namjua anavyokohoa kidogo kabla ya kusema uongo. Mama mkwe namjua anavyoshika kidani chake akitaka kuanzisha vita. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliliandika jambo hili: kwamba mtazamaji hujenga ukaribu na mtu anayemwona kwenye kioo, akamzoea, akamngoja, ingawa mwenzake huyo hana habari naye kabisa. Tangu televisheni ikiwa bado changa watu walishaliona. Moyo ukizoea umezoea, hauulizi kama aliyezoewa ni mtu au mhusika.

Na wanaolia ni wengi. M*A*S*H, ile ya Marekani ya madaktari wa jeshi kwenye vita vya Korea, ilipoagwa tarehe 28 Februari 1983, walioketi kuitazama huko kwao walizidi milioni 100. Vita yenyewe ilidumu miaka 3, tamthilia ikadumu 11! Guiding Light nayo, tamthilia nyingine ya Marekani, ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia televisheni mwaka 1952, ikafungwa Septemba 2009. Hebu fikiria msichana aliyeanza kuisikiliza kando ya mama yake, akaja kuiaga akiwa bibi mwenye wajukuu. Ukimkuta huyo anajifuta machozi, utamwambia nini?

Inayonigusa kuliko zote ni Neighbours ya Australia, kwa sababu ni habari za majirani mwanzo hadi mwisho. Ilianza mwaka 1985. Mtaa wao ni wa kubuni, ila nyumba zinazoonekana kwa nje ni za kweli, ziko kwenye kibarabara kifupi kiitwacho Pin Oak Court, Melbourne, na wanaoishi humo ni familia za kawaida tu. Iliagwa Julai 2022, watu wakaililia, na Septemba 2023 ikarudi hewani. Ya kwetu haitarudi, wahusika wameshaozeshwa na kuzikwa vya kutosha.

Sasa nikwambie kilichoniliza hasa.

Unamkumbuka yule mama wa mlango wa pili. Ulipoondoka, macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Wakampima wakamwambia ni mtoto wa jicho. Sura kwenye kioo alikuwa akiziona kama moshi, na yale maandishi ya tafsiri yanayopita chini ndiyo hakuyaona kabisa. Alitaka kuacha kuja. Alisema hataki kunikalia tu sebuleni akiuliza amesema nini, amesema nini. Nikamwambia, Mama, kaa, nitakusomea. Basi toka siku hiyo nikawa msomaji. Wanapozungumza mimi nasoma kwa sauti, harakaharaka kabla maandishi hayajapotea, mwanamume nampa sauti yake, mtoto sauti yake.

Na hapo ndipo nilipoanza kuielewa tamthilia yenyewe, amini usiamini. Kwa sababu alikuwa akinisahihisha. Kuna jioni mama mkwe alikuwa akimfukuza binti wa watu, nami nikasoma kwa ukali wote nilionao. Mama akaniwekea mkono gotini. "Hapana, mwanangu. Hapo hajakasirika, hapo anaogopa. Soma tena." Nikairudisha nyuma nikasikiliza. Kweli, sauti ya yule mwigizaji ilikuwa inatetemeka. Mimi miaka yote nilikuwa nikifuata herufi, yeye lugha yao haijui hata neno na alikuwa ameshaisikia hofu ya mtu.

Ni mtu wa namna hiyo hata nje ya televisheni. Mvua ikianza nami sipo, nguo zangu zimeshaanuliwa, zimekunjwa, na soksi kila moja na mwenzake. Ufunguo wangu wa akiba anao yeye. Ile homa iliyonilaza mwaka jana, ndugu zangu wote walipiga simu, Mungu awabariki, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyekaa na mimi usiku, akinibadilishia kitambaa cha maji, ni yeye. Asubuhi alikwenda kwake bila kungoja shukrani, wala hajawahi kulitaja tena. Nimemshukuru mara nyingi, na kila mara hubadilisha mazungumzo. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ili angalau mtu mmoja ajue habari zake kama zilivyo.

Usiku wa mwisho ilipokwisha na majina yakaanza kupanda, nilinyanyuka kuizima. Akaniambia, "Subiri. Nisomee na majina." Nikamuuliza, yote? "Yote. Wametufanyia kazi hawa." Basi nikasoma. Waigizaji, wapiga picha, washona nguo, waliobeba taa, madereva. Mengine sikujua hata yanatamkwaje, nikayatamka nilivyoweza, na yeye kwa kila jina akawa anaitikia, "Ahsante." Hapo ndipo machozi yaliponitoka, na nadhani sasa swali lako limepata jibu.

Kesho yake saa yetu ilipofika nilijikuta naufunga mlango niende kwake, nisije nikamwacha peke yake jioni hiyo. Tukakutana njiani, naye alikuwa ameshavaa viatu anakuja kwangu. Tulikaa tukaongea habari za kweli mpaka usiku, za ujana wake na za marehemu mumewe, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia kwa miaka yote ile kwa sababu tulikuwa tunanyamaza kusikiliza ya wengine.

Tamthilia mpya bado hatujaanza. Watu wamenipendekezea kadhaa, nami nimemtajia, lakini amekataa. Mwezi ujao anafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, wanaitoa ile lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia, na daktari amempa matumaini makubwa. Mimi ndiye nitakayempeleka na kumrudisha. Anachotaka akishapona ni turudie ileile, toka sehemu ya kwanza, amwone mama mkwe usoni. Sehemu za mwanzo nilizifuta zamani kupata nafasi. Kama wewe bado unazo, tafadhali nitumie kabla ya mwezi kwisha.

Nisalimie wote, na jirani yako pia.

Wako akupendaye daima.