Wajawazito wa mimba ya kwanza waulizwe pia habari za moyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo ambalo wanawake wengi wanalijua lakini hulizungumza kwa minong'ono tu, nalo ni hali ya moyo ya mwanamke anayekaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, mimba yangu imeingia mwezi wa tisa, na kwa kuwa nimeshaanza likizo ya uzazi ninao muda wa kuandika, hasa usiku, kwani usingizi wangu siku hizi ni wa mang'amung'amu.

Juzi nililia hadi macho yakavimba kwa sababu ndimu zilikuwa zimekwisha na samaki alikuwa tayari jikoni. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alivaa kandambili akaenda gengeni, na aliporudi na ndimu zake alinikuta nacheka peke yangu, kwani mtoto alikuwa ameshikwa na kwikwi tumboni na dera langu lilikuwa likirukaruka kwa mapigo yaliyopangika. Usiku huohuo nilikaa ukingoni mwa kitanda nikijiuliza kama nitamudu kumlea kiumbe huyu, na kama nitatoka salama chumba cha kujifungulia. Furaha, hofu, hasira na upweke hupokezana zamu ndani ya siku moja, na mwenye mimba mwenyewe hana habari ni ipi itakayomwamsha asubuhi.

Sehemu ya hali hii inatokana na mwili. Homoni za ujauzito zimepanda sana, kiungulia hakimruhusu mtu kulala chali, na mtoto anaposhuka kuelekea nyonga hukandamiza kibofu hata mama akaamka kwenda msalani mara kadhaa kwa usiku. Mtu yeyote asiyelala wiki nzima, awe mwanamume au mwanamke, hukosa subira. Hayo tunaambiwa, na tunayakubali.

Linalosemwa kwa nadra ni kwamba sehemu nyingine inatokana na hofu yenye msingi. Ni kweli nchi yetu imepiga hatua: utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Lakini wengi wetu tulikua katika miaka ambayo takwimu ilikuwa ile ya juu, na karibu kila ukoo una jina la shangazi au binamu aliyekwenda kujifungua asirudi. Mwanamke wa mimba ya kwanza huingia mwezi wa tisa akiwa na majina hayo kichwani, kisha wageni wanaokuja kumjulia hali humwongezea visa vingine, huku wakila tambi zake.

Akithubutu kusema kwamba anaogopa, majibu ni yaleyale. Ataambiwa wenzake wamezaa saba na wanalima, au kwamba akilia sana mtoto atazaliwa mnyonge, au atanyamazishwa kwa kuambiwa kuwa hiyo ni mimba tu, itapita. Sidhani kama wanaosema hivyo wana nia mbaya. Bibi zetu walijifunza ujasiri kwa namna hiyo. Hata hivyo ninaona hatari moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mwanamke aliyechekwa kwa machozi yake hujifunza kunyamaza, na akishajifunza kunyamaza atayanyamazia pia maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, na mtoto aliyepunguza kucheza, ilhali hizo ni dalili zinazotaka awahishwe kituoni saa hiyohiyo. Kifafa cha mimba ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wajawazito, na mara nyingi hutanguliwa na dalili ambazo mtu anaweza kuzisema kwa mdomo wake, kama yupo wa kumsikiliza.

Ndiyo maana naelekeza barua hii zaidi kwa kliniki zetu. Katika kituo ninachohudhuria, wauguzi ni wachapakazi na sina la kuwalaumu kwa namna wanavyopima. Tunakaa kwenye benchi tangu asubuhi, tunaitwa mmojammoja, muuguzi anapima uzito na presha, anapitisha utepe juu ya tumbo kupima kimo cha mimba, anaweka kile kipimo kilicho kama baragumu dogo na kuinamisha sikio kusikiliza moyo wa mtoto, kisha anauliza kama mtoto anacheza na kama vidonge vya kuongeza damu bado vipo. Kila jibu linaandikwa kwenye kadi. Moyo wa mtoto una nafasi yake kwenye kadi hiyo. Habari za moyo wa mama hazina, na tangu nimeanza kliniki sijaulizwa hata mara moja kama ninalala, kama ninaogopa nini, au kama nyumbani kuna amani.

Jambo hili si dogo wala si la wanawake wa mjini peke yao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, wanawake wapatao 15.6 kati ya kila 100 hupatwa na tatizo la afya ya akili wakiwa wajawazito, hasa sonona, na 19.8 baada ya kujifungua. Mabadiliko ninayoyasimulia hapa, ya kulia kwa ajili ya ndimu na kucheka baada ya nusu saa, ni ya kawaida na hayahitaji dawa. Lakini huzuni inayokaa karibu siku nzima, kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, mtu akawa hafurahii tena chochote, au akaanza kuwaza kwamba ni afadhali asiwepo, hiyo ni maradhi na ina tiba. Mjamzito mwenyewe hawezi kutofautisha hali hizi mbili akiwa peke yake. Anahitaji kuulizwa na mtu aliyefunzwa.

Kuuliza kwenyewe hakuhitaji mashine. Tangu mwaka 1987 kuna dodoso lililotungwa Edinburgh, lenye maswali 10 tu, ambalo hutumiwa kwa wajawazito na kwa waliojifungua, na swali lake la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Hata kama maswali 10 ni mengi kwa muuguzi mwenye foleni ndefu, mawili yangetosha kwa kuanzia: je, mwezi huu umekuwa na huzuni au kukata tamaa, na je, bado unafurahia mambo uliyokuwa ukiyafurahia? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza mjamzito aonane na mtoa huduma mara 8, na 5 kati ya hizo ni kuanzia wiki ya 30 hadi ya 40, yaani katika kipindi hikihiki ambacho moyo hupanda na kushuka zaidi. Nafasi ya kuuliza ipo tayari.

Ningeongeza kwamba woga mwingi hupungua mtu anapoelezwa mambo yatakavyokwenda. Mimi nilitulia sana nilipoelewa kuwa tarehe ya matarajio ni makadirio, kwamba kuzaa kati ya wiki ya 37 na ya 42 kunahesabiwa kuwa ni kwa wakati, na kwamba uchungu wa mimba ya kwanza kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko wa mimba zinazofuata, hivyo saa kupita si ishara ya balaa. Hata simu za ndugu wanaouliza "bado tu?" hazinikeri kama awali. (Zinanikeri kidogo.)

Vilevile mwanamke akijua kwamba ataingia na mtu wake wa karibu, awe mama, dada au mume, nusu ya hofu inamtoka kabla uchungu haujaanza. Shirika hilohilo linapendekeza kila mama awe na msindikizaji amtakaye wakati wa kujifungua. Ninafahamu kuwa katika wodi nyingi za umma vitanda vimekaribiana na faragha ni ndogo, na kumwingiza mwanamume humo ni kuwavunjia heshima wanawake wengine. Lakini mama mzazi au dada anaweza kukaa pembeni ya kitanda, nyuma ya pazia, bila kumsumbua mtu.

Kuongeza mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki kutahitaji uamuzi wa wizara, na huenda ukachukua muda. Kumuuliza mjamzito analalaje na anaogopa nini hakuhitaji waraka kutoka Dodoma. Naomba waganga wafawidhi wa vituo vyetu wawaagize wauguzi waanze kuuliza kliniki ya wiki ijayo, na jibu liandikwe hata pembezoni mwa kadi.

Mama mtarajiwa,
Tanga