Alinitengenezea meza bila kunipima

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa za usiku na nimetoka kuipima ile meza kwa mara ya tatu. Sentimita 74. Sijui nilitegemea nini, labda iote usiku.

Ni meza ya kukatia vitambaa. Mume wangu ameiunda kwa mikono yake mwezi mzima, jioni akitoka kazini, mlango kaufunga. Usidhani sina shukrani. Nilishukuru, tena mbele ya watu. Lakini 74 ni kimo cha meza ya kulia chakula. Ya kukatia huanzia kwenye kiwiko: simama wima, kunja mkono, pima toka sakafuni hadi kiwikoni, kisha punguza sentimita 10 hadi 15. Kiwiko changu kiko 104, kwa hiyo meza yangu ni 90. Kwenye 74 nainama, na nikishakata suruali nne kiuno kinawaka moto. Nashinda kutwa nikipima watu mabega, vifua, mapaja, halafu mtu ninayelala naye hakunipima hata mara moja.

Upana ndio balaa lenyewe. Kaweka 60. Wewe unajua kitambaa cha mita moja na nusu ukikikunja kati ni 75, basi 15 zinaning'inia. Kinachoning'inia kina uzito, na kinalivuta tabaka la chini polepole wakati la juu umeshalibana pini. Unakata huku nyuzi za tabaka la chini zimeshapinda nawe huna habari. Mteja anavaa suruali, mguu mmoja umenyooka, wa pili mshono wa pembeni umezunguka ukaja mbele. Anayelaumiwa ni fundi. Nani atailaumu meza?

Juu kaunga mbao mbili za msonobari. Moja imepanda kama milimita 2, chaki ikifika hapo inaruka mstari. Vanishi kapiga ya kung'aa, mara tatu, lakini juu tu. Chini mbao iko tupu. Mbao ukiiziba upande mmoja, unyevu unaingia na kutoka kwa upande wa pili peke yake, lazima ipinde. Imeshapinda. Ukilaza rula ya mita unaona mwanga ukipita chini yake. Satini nayo haitulii pale, inateleza kama kambare.

Shemeji aliiomba akawekee vitabu vya watoto. Nikakataa. Usiniulize kwa nini, maana anayesema haifai ni mimi mwenyewe.

Wala usiniambie nikae naye nizungumze. Niseme nini? Kila jioni akipita mlangoni anaigonga kwa vidole, mara mbili, anaondoka.

Dawa yake naijua, sihitaji fundi. Vitako vya mbao ngumu vya sentimita 14 chini ya kila mguu, kwa gundi na skrubu mbili. Ukitia moja kitako kinazunguka. Miguu ikirefuka meza itayumba, kwa hiyo mbao za kukazia zipite chini pande tatu, upande ninaosimama niuache wazi nisijigonge vidole. Juu nalaza plaiwudi ya milimita 18, upana 90, urefu 180 kwa ajili ya magauni marefu, nimeipiga msasa namba 120 kisha 220, hasa kingo, maana kibanzi kimoja kinatosha kuiharibu shifoni. Skrubu ziingie kutokea chini: mbao yake ina milimita 25, basi skrubu ya 35 inazama 10 ndani ya plaiwudi bila kuchomoza. Palipobonyea natanguliza vipande vyembamba vya mbao, la sivyo skrubu zitaivuta plaiwudi nayo ibonyee. Vanishi hapana. Nitaivika shuka nene la pamba, nilivute mpaka likaze.

Hapo ndipo ninapokwama. Nikimaliza hayo yote, kazi yake haitaonekana tena, labda miguu. Nitakuwa nimeitengeneza meza yake au nimeitupa? Na nifanye akiwa kazini, au nimsubiri?

Kuna kitu sijakwambia. Kwenye ncha ya kushoto kachonga kigingi cha kutundikia mkasi, kakilainisha mpaka ukipitisha kucha haikwami. Mimi nakata kwa mkono wa kushoto. Watu wa kwetu walionizaa hadi leo wanasahau, wananipa mkasi wa kulia. Yeye sikuwahi kumwambia akiweke huko.

Sasa meza yake ina urefu wa 140. Plaiwudi ikizidi 20 kila ncha, kigingi kitajificha uvunguni na mkono hautakifikia. Nikiisukuma yote kulia, 40 zitabaki hewani, na mtu akiegemea meza inainuka. Nikiikata iwe 160, magauni marefu nitarudi kuyakatia sakafuni. Nimechora karatasi tano usiku huu na zote hazikubali.

Lakini kipimo hakunichukua, Shangazi. Mwezi mzima, na tepu ilikuwa shingoni mwangu.

Nijibu kabla ya Jumamosi. Plaiwudi nimeshaagiza, na wamesema nikiirudisha haijakatwa wanaipokea.

Wako,
Fundi wa mkono wa kushoto